Salome na Mlio wa Trekta Yetu

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, na meno yangu yalivyopungua hivi, bado nahisi joto kifuani. Ni siku mume wangu alipoikata firigisi ya kuku vipande viwili mbele yangu, kimoja akala yeye, kingine akamwekea mwanamke mwingine kwenye sahani. Mwanangu, wewe ni wa huku kwetu, unajua firigisi ya ingokho, huyo kuku, ni ya mwenye nyumba peke yake, haigawiwi ovyo. Mimi niliyemfuga yule kuku, nikamnyonyoa na kumchemsha, nilikaa kwenye kigoda changu nikiitazama sahani ya mgeni.

Mgeni mwenyewe aliitwa Salome, na alikuwa fundi wa matrekta.

Tulikuwa tunaishi Chekalini, kwenye kipande cha lililokuwa shamba la mzungu. Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa mzungu huyo, na mzungu alipoondoka, trekta moja kuukuu ilibaki kwake. Alipofariki ikawa ya mume wangu, Luka. Mimi nilimwita Baba Agneta, kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama mke mwenye adabu anavyomwita mumewe. Trekta hiyo ndiyo iliyotulisha. Ililima mashamba ya majirani mpaka kule Mautuma, na kila mvua za kupanda zilipokaribia, watu walifika kwetu asubuhi kuuliza zamu yao.

Mwaka huo, mawingu yakiwa tayari yanakusanyika, trekta ikaanza kulia. Baba Agneta alisema ni klachi. Kila akikanyaga pedali, alisema, anasikia mluzi mkali chini ya mguu wake, lakini ni mluzi wa kuvumilika hadi watu wamalize kupanda. Hata hivyo moyo wake haukutulia, akaenda kumwita Salome. Babake Salome alikuwa fundi kwenye shamba lile lile la mzungu, na alimfundisha bintiye kazi yote kabla hajafa. Kwa hiyo Salome na mume wangu walikulia mahali pamoja, wakicheza chini ya matrekta yale yale.

Alikuja kwa baiskeli, amevaa ovaroli, mfuko wa spana umefungwa nyuma. Neno la kwanza nililosikia kinywani mwake lilikuwa "Luka". Si Baba Agneta. Luka, hivyo hivyo, kama mtu anayemwita ndugu yake kutoka shamba la pili.

Nilisimama dirishani jikoni nikawatazama. Salome alilala chini ya trekta, akaweka ncha ya chuma kirefu kwenye giaboksi na ncha nyingine akaikaza kwenye sikio. Baba Agneta alikuwa juu kwenye kiti, anakanyaga klachi, anaachia, anakanyaga tena. Kisha akashuka, wakachuchumaa kando ya gurudumu, vichwa vimekaribiana, wakaongea. Wakacheka. Sijui walikumbuka nini cha utotoni, lakini mume wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache: chai, maji ya kuoga, watoto wamelala? Kumbe maneno alikuwa nayo. Yalikuwa yanamsubiri Salome.

Ndipo ikaja saa ya kula, na ile firigisi. Nilipakua obusuma, ugali wetu, bila kumtazama mtu.

Baada ya chakula wakaanza kubishana.

"Luka, huo mluzi ni beringi ya klachi, sikatai," Salome alisema. "Lakini kuna mngurumo mwingine, wa chini. Huo unatoka kwa giaboksi."

"Mimi nasikianga mluzi tu."

"Kwa sababu wewe unakaa juu kwa kiti. Na ule mngurumo wewe unadhani ni injini."

Baba Agneta akatikisa kichwa. Watu wanangoja, alisema, na kufungua giaboksi ni kuikata trekta nzima vipande viwili. Salome akafunga mfuko wake, akasema atarudi kesho, lakini kabla ya hapo isitoke hapo uani. Mimi, moyoni, nilitamani baiskeli yake ipasuke magurudumu yote mawili.

Nikaenda kuosha vyombo. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi karibu na jiko akichambua maharagwe, akanisikiliza jinsi nilivyokuwa naviweka chini.

"Hizo sufuria zimekukosea nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. Nilidhani atanionea huruma. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akasema, "Umeona wivu tangu asubuhi, na mwenye kuonewa wivu hajui. Huyo mwanamume nimemzaa mimi. Hajui kusoma uso wa mtu. Mwambie kwa mdomo. Na kesho usisimame tena kwa dirisha. Ukichungulia unaona nusu, hiyo nusu ingine unaitunga mwenyewe."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu hiyo nusu nyingine nilikuwa nimeshaitunga yote, mpaka harusi.

Jioni, kabla hatujawasha taa, nikamfuata Baba Agneta alikokuwa akifunga ng'ombe.

"Baba Agneta, naona wivu."

Akageuka kama aliyesikia vibaya. "Wivu wa nini?"

"Wa Salome. Anakuita Luka. Umempa firigisi. Leo umecheka naye kuliko ulivyocheka na mimi tangu unioe."

Akaendelea kufunga kamba ya ng'ombe. "Firigisi nilimpa kwa sababu babake alikuwa ananigawia yake nikiwa mtoto," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na habari za trekta wewe hujawahi kuniuliza."

"Hujawahi kuniita nije nisikie."

Akakaza fundo. "Basi kesho nitakuita," akasema.

Asubuhi Salome aliporudi, nilisikia sauti ya mume wangu uani. "Mama Agneta, njoo." Alinipandisha kwenye kile kiti cha chuma, nikiwa na leso yangu na mikono inanuka moshi. Yeye mwenyewe akalala chini na kile chuma sikioni, mahali alipolala Salome jana yake.

"Kanyaga," akasema. Mguu wangu haukufika vizuri, ikabidi nishike usukani na kuteleza mbele. Mluzi ukatoka. "Kanyaga mpaka mwisho. Sasa achia." Nikaachia. Mluzi ukakoma, na mahali pake ukaja mngurumo mzito, kama mtu anasaga mahindi mabichi. Hata mimi niliuhisi kwenye nyayo. Nikakanyaga, ukafa. Nikaachia, ukarudi.

Baba Agneta alitoka chini na vumbi sikioni. "Salome," akasema, "ni giaboksi."

Salome akafungua mafuta ya giaboksi. Yalitoka meupe kama chai ya maziwa, na ndani yake chembe za chuma ziking'aa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kupitia mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia. "Kwa ule mluzi peke yake, ungeweza kulima," akatueleza. "Lakini beringi ya humu ndani ya giaboksi ikivunjika, inakula meno ya gia, na injini haiwezi tena kuishika trekta. Na vile breki zako ni za bahati, Luka, kwa ule mteremko wa mtoni..." Agneta na mdogo wake walipenda kupanda trela ya trekta hiyo kwenye mteremko huo. Nikashuka pale juu, nikamwambia Baba Agneta aifungue hiyo giaboksi.

Tuliikata trekta vipande viwili, injini ikaegemea magogo upande mmoja. Nilipitisha spana na kushika taa ya mkono. Wateja wetu walikwenda kwa matrekta mengine, na sisi wenyewe tulipanda tumechelewa, mahindi yakatoka mafupi. Lakini kila jioni watoto walikuwa mezani, wazima.

Wivu haukuisha, nisikudanganye. Siku kazi ilipokwisha nilimmiminia Salome chai, tukiwa wawili tu, naye akasema bila kuniangalia, "Mama Agneta, hukukosea kunitazama vile. Zamani nilidhani ataniposa. Hakuposa. Sasa namtengenezea trekta, basi." Nilimwongezea chai, akanywa, tukakaa pamoja mpaka kikombe kikaisha. Tangu siku hiyo, kila alipokuja, mkanyaga klachi nilikuwa mimi.

Basi mwanangu, urudipo nyumbani kwako, sikwambii usione wivu. Anayependa ataona wivu. Nakwambia useme mapema, useme kwa yule anayehusika, si kwa majirani wala kwa kugonga vyombo. Kisha toka jikoni, sogea pale mambo yanapofanyika, uulize, ushike kazi. Na yule unayemwogopa, mpe kiti na umsikilize. Huenda alichobeba yeye ni kizito kuliko chako.

Mungu akupe mdomo usioogopa, na mwenzio ampe masikio. Watoto wako wafike nyumbani wazima kila jioni. Enda kwa amani.