Jino Nililong'oa kwa Wivu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa ikinijia huinuka nikatafuta kazi yoyote ya kufanya ili isiniketie moyoni. Leo sitainuka. Leo nitaketi nikusimulie, kwa sababu unalea watoto wadogo, na mlezi asipoambiwa na waliotangulia hujifunza kwa kuumiza. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea miaka mingi.

Nilikuwa mke kijana huku juu kilimani Itumbe, mwenye watoto watatu na ulimi mkali. Ulimi bado ninao, usicheke. Mdogo wa mume wangu alikuwa amemwoa Kerubo, na nyumba zetu zilitazamana, katikati uwanja na migomba michache. Kerubo hakuwa amejaliwa mtoto. Mimi nilikuwa nao watatu, tena wenye afya, na bado mimi ndiye niliyemwonea wivu yeye. Wivu, mwanangu, hauulizi nani anacho na nani hana.

Kilichonichoma ni meno. Kerubo alikuwa na mkono mwepesi. Jino la mtoto likianza kucheza, kilima kizima kilijua ni kwa Kerubo. Angemketisha mtoto kwenye kigoda mlangoni, alitikise lile jino kwa kidole, kisha aseme, "Bado halijataka kutoka. Rudi kesho kutwa." Mtoto angerudi, na angeambiwa tena arudi. Siku jino lilipokuwa limelegea kweli kweli, Kerubo alilifunga uzi na kumuuliza mtoto, "Ng'ombe wa kwenu anaitwaje?" Kabla mtoto hajamaliza jina la ng'ombe, jino lilikuwa kwenye kiganja cha Kerubo, na mtoto anacheka huku ameshika shavu.

Na kwetu jino likitoka hurushwa juu ya paa la nyumba ile ile lilikotolewa, mtoto akiomba apewe jipya zuri. Basi meno yote ya wanangu wawili wakubwa yalikuwa juu ya mabati ya Kerubo. Mvua iliponyesha nilisimama mlangoni kwangu nikiyatazama yale mabati, nikijiambia kwamba mimi ndiye niliyezaa kwa uchungu, lakini vinono anakula mwingine. Nilikuwa mjinga, lakini ndivyo nilivyohisi.

Akabaki Moraa, kitinda mimba wangu, miaka sita. Huyu niliapa atakuwa wangu. Jino lake la chini, la mbele, likaanza kucheza, na nyuma yake likachomoza jingine, jeupe, limekaa upande upande. Nikamwita, "Njoo mama nikutazame." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nataka mama mdogo," akasema.

Lo! Ungenipiga kofi ningeumia kidogo. Nikambembeleza, nikamwahidi ndizi mbivu, akatikisa kichwa. Kisha akaongeza, maskini, akidhani ananisaidia, "Mama mdogo ameshalitazama. Amesema tungoje. Amesema hili la nyuma lisiguswe."

Aliposema hivyo, mwanangu, ndipo nilipoamua kwamba nitalitoa hilo hilo la nyuma. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba limeota vibaya, kwamba ndilo linalosukuma wenzake. Lakini nisikudanganye: hata kama nisingejua lolote kuhusu meno, ningelitoa, kwa sababu Kerubo alikuwa amesema lisiguswe.

Nikangoja Ijumaa. Kerubo aliondoka asubuhi kwenda soko la Ogembo na mikungu yake ya ndizi, nami sikwenda kuchuma majani chai siku hiyo. Nilimbana Moraa katikati ya magoti. Uzi ulikatika mara mbili, kwa maana jino lilikuwa imara. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilikwenda nikachukua koleo ya baba yao ya kukazia waya wa ua.

Sitakueleza ile sauti aliyotoa. Nitakueleza jambo moja tu, ujue wivu humfanya mama kuwa nani. Jino lilipotoka, mtoto akiwa anamwaga damu kwenye gauni lake la Sabato nililokuwa nimemvisha alijaribu, jambo la kwanza nililofanya ni kutoka nje na kulirusha jino juu ya paa langu. Nikalisikia likigonga mabati. Nikafurahi. Ndipo nikarudi kumfuta.

Damu haikukoma. Nikamsukutulisha maji, nikamwekea kitambaa, ikakoma kidogo, ikaanza tena. Saa tisa mchana Kerubo akaingia uwanjani na kikapu kitupu, akamwona Moraa amelala mkekani, uso umevimba. Alimfungua mdomo, akatazama, akafumba macho kidogo. Kisha akakunja kitambaa safi, akamwambia akiume kwa nguvu, akambeba mgongoni na kushuka naye kuelekea dispensari. Mimi nikafuata nyuma nimebeba leso.

Daktari pale alikuwa kijana, mwenye haraka ya Ijumaa jioni. Alimtazama Moraa akiwa bado mgongoni kwa Kerubo, kwa sababu alikataa kushuka.

"Nani ametoa jino hili?" akauliza. "Lile la kitoto bado linaning'inia hapa mbele! Hili lililong'olewa ndilo la ukubwani. Halioti tena, mnaelewa? Mtoto huyu atazeeka na pengo."

Nikatazama sakafu. Kerubo akanitazama mimi, mara moja tu.

Daktari akamgeukia yeye. "Ni wewe yule mama wa uzi, sivyo? Wanakusifu sana. Siku moja utaua mtoto wa watu."

Nikangoja Kerubo aseme. Hakusema. Nami, mwanangu, sikusema. Mdomo wangu huu ambao haukuwahi kushindwa na mtu sokoni ulifungwa.

Neno likapanda kilima kabla yetu. Kesho yake, siku ya Sabato, kanisani wanawake walikuwa wakinong'onezana. Wiki iliyofuata hakuna mtoto aliyeletwa kwa Kerubo, wala iliyofuata hiyo. Akina mama waliwaita watoto wao wakiwaona wanapita karibu na mlango wake. Kile kigoda kikabaki pale kinakaliwa na kuku. Na mimi? Nilifurahi. Naam, siku kumi nzima nilikula nikashiba, nikalala usingizi mzuri. Nilikuwa nimemwondolea kitu pekee alichokuwa nacho, na sikuwa nimeinua hata kidole.

Halafu siku moja tunapeta wimbi mimi na mama mkwe, Moraa akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa amefikiri kwa muda, nilimwona.

"Mama," akasema, "kwani mama mdogo alinitoa jino siku gani?"

"Siku gani wapi?"

"Wanasema shuleni kwamba ni yeye. Lakini mimi nakumbuka ni wewe. Nakumbuka vibaya?"

Nikamwambia nenda kacheze. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaweka ungo chini. Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Mwana wa watu," akasema, "jino umeshang'oa, hilo halirudi. Sasa unamfundisha mtoto asiamini hata macho yake. Hilo nalo ukiling'oa, utamwotesha lipi?"

Ungo ukaniponyoka, wimbi likamwagika.

Kesho yake nilipanda na kikapu changu mpaka kituo cha kuuzia majani. Wanawake walikuwa wamepanga vikapu wakingoja mizani, Kerubo amekaa peke yake mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, kwa mpango. Yote yalinipotea. Nikasema tu kwa sauti, "Sikieni. Jino la Moraa nililing'oa mimi, kwa koleo. Kerubo alikataza lisiguswe. Niliona wivu." Mmoja akasema, "Ai, mama Moraa!" Mwingine akacheka, cheko la kunidharau. Nilistahili. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mbele ya mizani.

Tukarudi pamoja mimi na Kerubo, vikapu vitupu mgongoni. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Siku ile dispensari. Ulijua ni mimi. Mbona ulikubali kutukanwa?"

Kerubo akasimama. Alikuwa na hasira, na ilikuwa mara ya kwanza kuiona.

"Nilikuwa nimembeba mtoto wako mgongoni," akasema. "Sikio lake liko hapa begani kwangu. Ningemtajaje mama yake kwa ubaya naye anasikia?"

Akaendelea na safari. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi za kando ya njia nikalia, nikalia sana. Siku zote zile nilikuwa nikipigania heshima ya kuitwa mama wa Moraa, na aliyeilinda heshima hiyo ni yule niliyekuwa nikimpiga vita.

Watoto walirudi kwa Kerubo, mmoja mmoja, wengine hawakurudi kabisa. Jina la mtu likichafuka, kulisafisha si kazi ya siku moja. Moraa ni mwalimu sasa, ana wanawe, ana pengo. Siku ya harusi yake alituketisha sote wawili mbele, mimi kulia, Kerubo kushoto, na aliponyanyuka kushukuru alianza na Kerubo. Na unajua nini? Kale kawivu kaliamka. Kakanifinya hapa kifuani. Sikuwa nimekaona kwa miaka mingi, nikadhani kamekufa. Lakini safari hii nilimshika Kerubo mkono, nikamwambia polepole, "Naona wivu," akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalegea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jino la mtoto lisilocheza usiliguse, na ukiona jingine limeota nyuma yake, mpeleke kwa daktari wa meno, wako tele Kisii mjini siku hizi, huna kisingizio cha koleo. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mwanao akimpenda mwanamke mwingine, hajakupunguzia kitu. Mtoto apendwaye na wengi haanguki chini, kuna mkono utakaomdaka. Wivu ukikujia, nao utakuja, utaje kwa jina lake mapema, kabla haujachukua koleo. Na ukikosa, sema "ni mimi" siku ile ile, usimwache mwenzio asimame na aibu yako.

Nenda sasa. Mungu akuongezee watu wa kumpenda mwanao, wawe wengi kuliko unavyotaka, na akupe moyo wa kuwavumilia.