Mchana Mama Alipomwogesha Jirani

Juzi nilipita kijijini kwetu Mamba, na harufu ya tangawizi iliyoanikwa uani ikanikumbusha mchana mmoja wa utotoni. Jirani yetu, mama Nakijwa, aliugua ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, na aliyeingia kwake alikuwa mama yangu peke yake.

"Wifi, utatuletea ugonjwa huo," shangazi alimwambia mbele ya watu.

"Jumapili tunaimba naye. Leo nimwacheje?" mama alijibu, akaingia na beseni la maji ya moto.

Nikiwa nje, nilisikia maji yakimwagika na mama akiimba wimbo wa kanisani. Nilikimbia kumwambia rafiki yangu Nakijwa kwamba mama yake amepona. Tulirudi tukicheka. Mama alitoka, akamkumbatia Nakijwa, akalia. Sikujua kwamba hata maiti huogeshwa.