Mkono Aliokuwa Akiungoja Mama

Mama yangu alikuwa mtu wa kusalimia kwa mkono. Sokoni Kitale, alikokuwa akiuza viazi na kabichi, hangekuuzia hata kitunguu kimoja kabla hajakushika mkono na kukuuliza habari ya nyumbani. Kwanza alipangusa mkono wake kwa leso, halafu akaubana wako mpaka usikie. Kwetu, watu tuliotoka mkoa wa kati tukapata shamba Trans-Nzoia, salamu bila mkono haikuwa salamu.

Sasa mimi, kati ya wanaume wote wa Kenya hii, nikaenda kuolewa Bungoma, upande wa Kabuchai, kwa watu ambao mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Ni heshima. Akimwona njiani anapinda, akimkuta sebuleni anatoka. Mume wangu alipokuja kwetu mara ya kwanza, Mama alitoka jikoni amenyoosha mkono, na bwana akarudi nyuma, akainama, akaficha mikono yote mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Mama akabaki na mkono hewani. Wageni walipoondoka, wee, nilielezwa mambo. Ati nimeleta mtu anayemwona mama yangu mchafu. Nikamweleza kwamba kwao kumkwepa ndiko kumheshimu. Akasema heshima ya kukimbiwa yeye haitaki, ampelekee mamake.

Tukaishi hivyo miaka. Mume wangu akija Kitale anakaa nje kando ya ghala la mahindi, anapelekewa chai huko huko. Mama anamchungulia dirishani na kununa. Akitaka kumpa kuku, anampa kupitia kwangu, na hata huyo kuku anamfunga miguu kwa hasira.

Kumbe kwao kuna njia ya kulegeza mila hiyo. Familia mbili zinakaa pamoja, mkwe anamfunika mama mkwe blanketi, wazee wanasema neno lao, na kuanzia hapo wanaruhusiwa kushikana mikono. Kwa nini hatukufanya mapema? Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwaka huu kuna msiba, mwaka ule mahindi yamekataa, mwaka mwingine Mama mwenyewe anasema yeye hajakosa blanketi, bana. Tulikawia kama watu waliohakikishiwa kesho. Mwishowe wazee wa pande zote mbili wakakubaliana Desemba, baada ya mavuno. Mama akajifanya hajali, lakini dada yangu aliniambia ameshapeleka kitambaa cha rinda kwa fundi.

Mume wangu wakati huo alikuwa akifanya kazi ng'ambo ya mto unaopita karibu na nyumba yetu ya Kabuchai, kwenye mashine ya kukamua miwa ya kutengeneza sukari nguru. Injini ya dizeli inazungusha magurudumu mazito ya chuma, miwa inaingia mizima na kutokea upande wa pili ikiwa makapi, maji yake yanakwenda kuchemshwa mpaka yagande. Yeye ndiye aliyekuwa analisha miwa hiyo, kwa mikono. Palikuwa na kizuizi cha bati pale mbele, nilikiona kwa macho yangu, lakini mwenye mashine alikitoa, ati kinachelewesha kazi. Hakuna aliyemwuliza. Watu walikuwa wanaitaka kazi.

Mlio wa injini ile tuliuzoea hata hatukuusikia tena. Siku hiyo nilikuwa nachambua maharagwe uani, mlio ukabadilika, ukawa mzito, halafu ukazima. Nilijua. Nikatupa ungo nikakimbia, na kwenye daraja nikakutana na wenzake wamembeba, mkono wameuviringisha kwa gunia. Waliniambia muwa uliojipinda ulikwama, akausukuma kwa kiganja, sweta ikashikwa. Hata injini ilipozimwa, magurudumu yalizidi kuzunguka kidogo, na hiyo kidogo ilitosha. Hospitalini Bungoma walimkata chini ya kiwiko. Mkono wa kulia.

Mwenye mashine alikuja kumwona. Akaleta kreti ya soda na kipande kikubwa cha sukari nguru. Sukari ya mashine ile ile! Nikamshukuru kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na mpaka leo natamani ningemrudishia kwa kumrushia.

Nilimpigia Mama kutoka kibanda cha simu. Akauliza ni mkono upi. Nikamwambia. Hakuja hospitalini. Alisema blanketi bado halijatolewa, na hataki kumwongezea mgonjwa aibu ya kukimbia kitandani. Miaka yote hiyo, na ndio kwanza aliamua kuifuata mila ya akina mume wangu.

Nilifikiri mambo ya Desemba yataahirishwa. Mume wangu akakataa. "Blanketi hata mkono mmoja unabeba," alisema. Kilichomsumbua ni salamu. Kwao na kwetu pia, kumpa mkubwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Lakini angefanyaje? Akawa anajizoeza na mimi jikoni, ananisalimia kwa kushoto, ananiuliza kama inaonekana vibaya sana. Nilimwambia iko sawa, kisha nikageukia sufuria asione uso wangu.

Siku ikafika, Mama akaja kwetu Kabuchai na rinda jipya. Mume wangu akamfunika blanketi, kaka yake akishika pembe moja. Mzee wa ukoo akasema neno lake, akawaambia wasalimiane. Mama akanyoosha mkono wake wa kulia, kama kawaida yake. Na mwili wa mume wangu ukasahau mazoezi yote. Uliokuja mbele ni ule wa kulia, na koti limebanwa kwa pini pale mwishoni. Akauona mwenyewe. Akaanza kuushusha.

Mama hakumngoja. Alipangusa mikono yake kwa leso, yote miwili, akaushika mkono ule pale pale ulipoishia, akaubana.

"Habari ya nyumbani?" akamwuliza, kana kwamba wamekutana sokoni.

"Nzuri, Mama," mume wangu akasema, na akalia mbele ya watu wote.

Baadaye nilimkuta Mama nyuma ya jikoni, blanketi bado mabegani, anajifuta macho kwa leso ile. Akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Nimemkasirikia miaka yote hii kwa sababu ya mkono. Sasa nimkasirikie nani?"

Ng'ambo ya mto injini ilikuwa inanguruma, na mtu mwingine alikuwa anailisha miwa.