Vifaranga wa Ijumaa

Mwenye ploti wetu ni mama wa kanisa, na simpendi. Nalisema mapema ili mtu asidhani nitamsamehe huko mbele.

Bei ya vitu ilipopanda, duka la nguo nililokuwa nikiuza mjini Nyamira lilikosa wateja. Watu waliamua kuvaa walichonacho. Tajiri akapunguza wafanyakazi, nami nikawa wa kwanza kuambiwa nisije kesho. Nikarudi chumbani kwangu, kwenye ploti hiyo ya vyumba vya kupanga kule Sironga, nikanunua vifaranga nikawaweka ndani ya katoni kando ya kitanda. Hao ndio waliokuwa kazi yangu mpya. Wakikua, ningeuza mayai. Wakifa, ningeenda kukaa kwa kaka yangu na kula nikiangaliwa na mkewe.

Vifaranga wanataka joto, na baridi ya kwetu haina mchezo. Zamani ungewawekea chungu chenye makaa, lakini makaa nayo yalikuwa yamepanda. Gesi ndiyo usiseme: mtungi wangu ulikuwa umegeuka kiti cha wageni. Nikaona balbu moja ndiyo nafuu. Ploti nzima ina mita moja ya stima, tokeni za kuilipia tunachanga wote, na swichi kuu iko ndani ya nyumba ya mama huyo.

Sisi Wasabato hupika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua. Maharagwe yangu niliyachemsha kidogo tu, nikafunga sufuria kwa majani ya ndizi na blanketi yamalizike kuiva yenyewe. Nilijiona mjanja kweli. Jua likazama, na stima ikapotea.

Nilidhani imekatika mtaa mzima. Jirani akanicheka. "Si amezima yeye! Amesema tumeshapika, stima ni ya nini tena? Ati hata tokeni zipumzike."

Mama huyo alikuwa amefunga nyumba na kwenda kulala kwa binti yake kule Ekerenyo, asali huko kesho yake. Simu ameizima. Maduka nayo yalishafungwa kwa ajili ya Sabato, kwa hiyo hata makaa ya kukopa sikupata. Nikachukua lile blanketi nikawafunika vifaranga, na sufuria ya maharagwe nikaiweka katikati yao. Ikapoa. Wakapandana wakitafuta joto, wa chini wakakosa pumzi, wa juu wakagandishwa na baridi. Kulipokucha hakulia hata mmoja. Nililia mimi, na nilimtukana kwa maneno ambayo Mkristo hapaswi kuyajua.

Kanisani sikwenda. Alasiri alirudi na gauni lake jeupe, Biblia kwapani, akanikuta karibu na geti nachimba kwa jembe, katoni iko miguuni.

"Yaya, yaya! Hapana! Leo ni Sabato, dada. Kazi hakuna kwa ploti yangu."

Nikafungua katoni aone. Akaangalia, akavuta gauni lake nyuma lisiguse.

"Pole. Lakini si ungeniambia kama uko na kuku? Na hiyo shimo ungengoja jua iingie. Watu wanapita, wataona tunafanya kazi."

"Kazi gani, mama?" nikamwambia. "Kazi yangu uliizima jana."

Nikaendelea kuchimba, na waliotoka kanisani wakasimama getini kutazama.