Benchi la Upande wa Bikira Maria

Mimi ni mtu wa stoo. Nilitunza stoo ya kiwanda kimoja hapa Thika mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyewahi kupita mlangoni kwangu na kitu bila mimi kujua. Ndiyo maana Baba Paroko alipotafuta mtu wa kusimamia mali ya parokia yetu ndogo, watu walinigeukia kabla hajamaliza kusema. Nilijifanya kusitasita kidogo, kama adabu inavyotaka, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Mali yenyewe haikuwa ya kutisha. Kanisa, nyumba ya mapadre, ukumbi wenye bati linalovuja, hema la kukodisha kwa harusi na matanga, viti vya plastiki, sufuria kubwa, na migomba michache nyuma ya vyoo. Lakini nilivikuta vitu vimetapanyika ovyo. Sufuria za kanisa zilikuwa zikilala majumbani mwa watu. Viti viliondoka kwenda matangani na kurudi vimepungua, na ukiuliza unaambiwa, "Si ni za kanisa tu?" Maneno hayo yalikuwa yakinipandisha mori. Kitu kikiwa cha kanisa ndiyo kikose mwenyewe?

Nikanunua rangi nyeupe na brashi, nikaanza kuandika namba. Sufuria, viti, ngazi, hata beseni la kuoshea vyombo vya altare, sista mmoja akinicheka. Mabenchi nayo niliyaandika kwa nyuma, kwenye ubao wa kuegemea. Hapo ndipo palipokuwa na majina. Kwetu kulikuwa na desturi kwamba familia ikifiwa, na ikiwa na uwezo, inatoa benchi kanisani na kuandika nyuma yake jina la marehemu. Majina mengi yalikuwa yamefifia. Mengine hayakuwa yamefifia, lakini namba ilihitaji mahali pa kukaa, nami nilikuwa na haraka.

Mwaka jana tukapata mabenchi mapya, ya mbao ngumu, yote ya urefu mmoja na rangi moja. Ya zamani ilibidi yaondoke. Mimi ndiye niliyependekeza kwenye kamati kwamba familia zilizoyatoa zipewe nafasi ya kuyachukua kwanza, yatakayobaki yauzwe. Wanakamati walinisifu kwa ubinadamu wangu, nami nikazipokea sifa hizo bila haya. Nikamwambia katekista atangaze mwishoni mwa Misa, kwa Kikuyu.

"Kwa Kikuyu peke yake?" akaniuliza.

"Wenye mabenchi si ni wazee wetu wa hapa?"

Hakubishana nami. Watu huwa hawabishani nami, na mimi nimekuwa nikidhani ni kwa sababu nina haki. Akatangaza Jumapili mbili mfululizo. Familia chache zikaja na mikokoteni, na mabenchi yaliyobaki yakanunuliwa na mtu aliyekuja na lori.

Jumapili ya kwanza ya mabenchi mapya nilisimama mlangoni baada ya Misa nikipokea pongezi. Kanisa lilikuwa linanukia vanishi. Akaja mama mmoja mzee, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, aliyefika Thika zamani kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, na sasa anaishi katika chumba cha kupanga huku Kamenu. Nilimjua kwa sura tu. Alingoja niliokuwa nikiongea nao wanyamaze.

"Mama, samahani," akasema. "Ile benchi ya pale kwa Bikira Maria imeenda wapi?"

"Yameuzwa, mama. Tulitangaza."

"Lini?"

"Jumapili mbili. Kwani hukuwa kanisani?"

"Nilikuwa."

"Basi ungesikiliza. Hatuwezi kumfuata kila mtu kwake."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kidogo, kicheko cha kunifurahisha. Mama akasema asante, akashika mkoba wake wa kitambaa, akaenda zake.

Katekista alikuwa akifunga madirisha, na alinisubiri tubaki wawili ndipo aseme. Benchi lile lilikuwa la mtoto wa mama yule, kijana wake wa pekee, fundi wa mjengo aliyeanguka kutoka juu ya jengo huko Ruiru. Wenzake wa kazini na watu wa jumuiya walichanga kuusafirisha mwili hadi kwao. Walipotoka kuzika, mchango ulibaki kidogo. Mama hakuugusa kwa chakula wala kwa kodi ya nyumba. Alitafuta seremala, akatoa benchi.

"Huwa anasema akikaa pale, kijana naye anasikia Misa," katekista akaniambia. "Anaamini hivyo. Na Kikuyu hasikii hata salamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si nilikuuliza, mama?"

Masikio yaliniwaka. Nilikumbuka vizuri sana benchi lile. Herufi zake zilikuwa za buluu, bado mbichi kwa ung'avu, na nilipopitisha brashi yangu juu yake ilinibidi nirudie mara ya pili kwa sababu buluu ilikuwa inaonekana chini ya nyeupe. Niliona jina. Sikulisoma, lakini nililiona, na nikarudia rangi.

Ungedhani nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Sikwenda. Niliwaza kwamba nikimfuata nitakuwa ninalikuza jambo, na kwamba labda ameshasahau, na upuuzi mwingine wa aina hiyo. Yeye akaanza kukaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Alipopita kwenda kukomunika mimi nilikuwa natafuta kitu ndani ya kitabu cha nyimbo. Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, ninajificha kwenye kitabu.

Kisha mwanangu anayeishi Membley akabatiza mtoto, na baada ya sherehe tukaenda Kamakis kula nyama. Tulipata nafasi sehemu ya nyuma, chini ya kivuli cha mabati. Kulikuwa na mabenchi marefu, nami nikakaa. Mkwe wangu akaanza kucheka. "Mama, hebu angalia, hii kiti iko na mahali ya kupiga magoti." Ilikuwa kweli. Vijana wa meza ya pili walikuwa wameweka miguu juu ya ubao wa kupigia magoti, na mmoja alikuwa amesimamisha chupa yake hapo. Niliinuka kama mtu anayenyoosha mgongo, nikazunguka kuangalia nyuma. Namba zangu. Mwandiko wangu wa stoo, umenyooka, hauna doa. Chini ya ile ya benchi walilokalia vijana, buluu ilikuwa inachungulia.

Nyama ilikuja, nikaiacha mezani. Nilimtafuta mwenye hoteli, kijana mpole mwenye aproni yenye mafuta, nikamwambia nataka kununua benchi moja. Akatabasamu.

"Hizo siuzi, mum. Wateja wanazipenda sana."

"Ile ina jina la marehemu. Mamake anaitafuta."

Tabasamu likamtoka. Alitazama vijana na chupa zao, akapangusa mikono kwenye aproni. "Na hawakumwambia wakiuza?"

Nikafungua mkoba nitoe pesa. Akawainua wateja wake mwenyewe, akalipangusa benchi kwa kitambaa cha maji moto, akakataa pesa yangu. "Chukua tu, mum. Mwambie pole." Yeye ambaye hakuwa na kosa lolote ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema neno hilo.

Nikakodi pikapu siku ya pili, tukalifuata benchi, tukarudi nalo Thika. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa mepesi. Mama, nilikosa. Nilitangaza jambo lako kwa lugha usiyoijua, na jina la mwanao nililifuta mimi kwa mkono wangu. Basi. Nilikuwa nimeshafikiri hata jinsi tutakavyokaa kwenye benchi hilo, tukinywa chai yake. Nilikuwa nimeshajisamehe, kusema kweli.

Ploti anakopanga ina vyumba vinavyotazamana, na katikati kuna mfereji wa maji ambapo wanawake walikuwa wakifua. Alitoka akijifunga leso kiunoni. Dereva na jirani mmoja walikuwa wameshalishusha benchi.

"Nimekuletea benchi lako, mama," nikasema.

Alilikaribia, akalizunguka, akapitisha kidole juu ya namba. Nilingoja afurahi.

"Kanisa imekataa?" akauliza.

"Hapana. Nimekurudishia. Ni yako."

"Si yangu. Niliitoa." Alinitazama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa tu. "Sadaka huwa inarudishwa?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa maneno yangu. Wanawake walikuwa wameacha kufua na wananitazama, mimi na viatu vyangu vya ngozi na pikapu yangu ya kukodi. Nikasikia sauti yangu ya stoo ikijibu, "Mabenchi sasa ni mapya, mama. Haya ya zamani hayana nafasi."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Wakaliingiza ndani. Ilibidi kitanda kisukumwe na jiko litolewe nje, na hata hivyo benchi lilijaza chumba kutoka mlangoni hadi ukutani, kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwa na pa kupita. Tukabaki nje sisi wawili, tukilitazama.

Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Mama," akasema polepole, ili majirani wasisikie, "ile siku niliuliza mbele ya watu, nilikukosea heshima. Sikujua. Unisamehe. Mtoto msimtoe kwa maombi ya marehemu sababu ya mdomo wangu."

Niliona alivyokuwa amelielewa jambo lote. Ameuliza, na kanisa limemrudishia mwanawe mlangoni. Macho yake hayakutoka usoni kwangu, akingoja jibu. Ningesema neno moja tu.

"Si neno, mama," nikamwambia. "Yameisha."

Akanishukuru. Nikapanda pikapu. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, nikaondoka nimeutoa.