Mstari wa Masika

Maharagwe yanapoanza kuchemka, kabla povu halijapanda, hutoa harufu ya udongo na ya jiko kwa pamoja. Harufu hiyo siiwezi. Wanangu wamezoea kuniona nikitoka nje na kumwachia mkubwa wao sufuria, na wanadhani ni moshi. Wewe nitakuambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa. Nililelewa na bibi yangu hapa Butembo, tulimwita Koko, katika nyumba ya mteremkoni yenye bustani nyuma. Koko hakukosa misa ya asubuhi, lakini bustanini alikuwa na dini nyingine ya pembeni. Boga changa halikuonyeshwa kwa kidole, lingeoza. Maji ya baraka aliyatunza katika chupa ya bia, akayanyunyiza juu ya matuta huku akiyatukana magugu kwa Kinande. Na juu ya yote kulikuwa na mkono. Kuna mikono, alisema, ambayo udongo unaipenda, na kuna mikono ambayo hata kisamvu kinaikimbia.

Mwaka ule Masika alikuja kutoka Mbau, kijiji cha kaskazini mwa Beni. Alikuwa binti wa shangazi yangu, na shangazi alikuwa ameuawa na waasi shambani kwake. Alifika na kitenge kimoja na kandambili zisizofanana, akawekwa kwenye godoro langu. Nilimchukia tangu siku ya kwanza, silipambi neno hilo. Alikuwa mpole, alijua kupandikiza kabichi zisilale, na Koko alianza kuita jina lake kabla ya langu.

Baba mdogo, aliyetuletea unga, alinung'unika kwamba vinywa vimezidi. Koko hakubishana naye. Alitukalisha wasichana wawili jikoni, akampa kila mmoja kiganja cha mbegu za maharagwe ndani ya kitambaa. Tungezilalia siku tatu, mbegu zijifunze mwili, kisha kila mmoja apande mstari wake.

"Mbegu ya Masika ikiota, atabakia," alimwambia baba mdogo. "Ikikataa, arudie kwa baba yake mukubwa, kule Mbau. Udongo njo itasema, hapana miye."

Siku ya tatu Masika alikwenda kuchota maji. Nilichukua kitambaa chake, nikakitumbukiza katika sufuria ya viazi iliyokuwa ikitokota, na kwa kuwa hatukuwa na saa nikasali Salamu Maria kumi. Nilizisali vizuri, bila kuruka neno. Kisha nikazianika mbegu na kitambaa juu ya bati lililochomwa na jua hadi vikakauka, nikazifunga tena na kuzirudisha chini ya mto. Zilikuwa zimekunjamana kidogo. Asubuhi Masika alizitazama kiganjani, akazipanda moja moja.

Mstari wangu ulichomoza baada ya siku sita. Wa kwake ulibaki udongo mtupu. Kila asubuhi Masika alichuchumaa pale kabla sijaamka, na nilipoamka nilimkuta bado yuko pale, magoti yamelowa umande. Siku ya kumi Koko alikuja, akafukua kwa kidole, akatoa haragwe moja. Akalibana, ngozi ikateleza. Akalinusa. Akalinusa tena, kisha akalitupa uani.

"Huyu mutoto, mukono yake inauaka kila kitu," akasema.

"Nililala nayo, Koko," Masika akajibu. "Nilikataa hata kugeuka."

Tangu saa ile alikatazwa kugusa jembe, mtungi, hata mtoto wa jirani. Keshoye baba mdogo alimpakiza kwenye pikipiki ya kwenda Beni. Nilipunga mkono. Godoro lilikuwa langu lote, na nilifurahi.

Kabla maharagwe yangu hayajatoa maua, habari zilifika kutoka Mbau. Walikuwa wamekwenda kuvuna kakao, baba mkubwa na watoto wote, Masika naye, na hakurudi mtu. Koko aliomba misa. Nami nilinyamaza, nikiamini kwamba nilikuwa nimemdanganya yeye na udongo wake.

Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi nilipoolewa. Siku moja nilikuwa nikipika maharagwe, nikabana moja kupima kama limeiva. Ngozi ikateleza, harufu ikanipanda puani. Mbegu iliyooza ardhini inanuka ardhi. Ile aliyoinusa Koko ilinuka jiko. Na Koko alikuwa amepika maharagwe kila siku ya maisha yake.

Alijua. Kwa vidole vyake alijua zimepikwa, na alijua ni nani aliyezipika, kwani nyumbani tulikuwa watatu tu. Alihitaji kinywa kimoja kitoke, na mimi nilimpatia sababu. Hakunigombeza hata siku moja. Mwaka uliofuata aliniwekea jembe lake mkononi mbele ya majirani, akatangaza kwamba udongo umenichagua.

Koko amekwisha kufa. Majirani bado wananiita nitie mbegu ya kwanza mashambani mwao, na wananiletea maji ya baraka ninawe. Ninakwenda. Kila ninachopanda kinaota.