Nyama ya Siku ya Ubatizo Wake

Enzi za Wajerumani, mimi na mwenzangu wa rika tulijiandaa kwa ubatizo katika misheni iliyokuwa chini ya Mlima Meru. Kwetu, mtu hali nyama bila mwenzake wa rika, na tangu jando mimi na yeye tulikuwa tuking'ata pande moja la nyama.

Siku moja malishoni nilimfungulia moyo. "Mwenzangu, Mungu haogopi. Mbona Yesu aliogopa kule bustanini, usiku wa kukamatwa kwake? Alikuwa Mungu kweli saa ile?"

Akacheka. "Waulize ng'ombe wako!"

Jumapili ya ubatizo, mmisionari alinisimamisha mbele ya watu wote. "Nimesikia unakana kwamba Kristo ni Mungu."

Nilimtazama mwenzangu, naye akatazama chini. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Yeye alibatizwa, mimi nikaambiwa ningoje mwaka mzima.

Jioni alikuja na paja la mbuzi wa sherehe yake. "Kula, mwenzangu. Au unanikataa?"

Nilishika ile nyama. Ndipo nikamkumbuka Yesu mezani na wanafunzi wake, usiku uleule. Kwa kuwa ni Mungu, alimjua atakayemsaliti, na bado alimpa tonge. Kwa kuwa ni mtu, iliuma, kama ilivyoniuma mimi.

Nikala.

Mwaka uliofuata nilimpa mmisionari jibu hilo, akanibatiza. Namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Lakini mwenzangu alizikwa bila kuniambia hata neno moja kuhusu siku ile, na nyama ya mbuzi bado hunikaba.